Ukuta Mtamu wa Chumba cha Mama

Ukuta ulikuwa unapungua. Haukupasuka, maana ufa Fundi alikuwa na dawa yake. Wala haukuinama, maana ukuta unaoinama una adabu zake, hukuarifu mapema kwamba siku moja utakulalia. Huu ulikuwa unapungua tu, kama sabuni. Asubuhi Fundi aliuacha ukiwa mnene wa kuegemewa na ng'ombe, jioni akirudi anakuta kishimo hapa, mbonyeo pale, na chini hakuna hata chembe ya vumbi. Hilo la vumbi ndilo lililomnyima usingizi. Ukuta unaomomonyoka huacha mabaki. Huu wa kwake ulikuwa unahama na vyombo vyake vyote.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa watu wazuri, lakini hawakuwahi kuziba shimo leo wakalikuta kesho limerudi na mwenzake.

Fundi aliujenga ukuta ule kwa mikono yake mwenyewe, baba yake alipofariki na mama yake akahamia kwake. Chumba kilikuwa kimoja kikubwa, naye akakigawa: upande huu yeye na mkewe, upande ule mama. Aliujenga kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, akaupiga lipu ya udongo laini, mchanga na chokaa kidogo, akaupapasa kwa kiganja mpaka ukawa kama shavu la mtoto. Ndio ukuta aliojivunia kuliko kuta zote alizowahi kuwajengea watu.

Na wakati wenyewe haukuwa wa kupungukiwa ukuta. Zahanati mpya ilikuwa inajengwa, kubwa, ya matofali tangu msingi hadi darini, na chama cha mafundi waashi kilikuwa kinatafuta msimamizi. Jina la Fundi lilikuwa la kwanza. Kazi ile aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Tangu enzi za kukoroga udongo wa wengine alikuwa akiiota. Kulikuwa na sharti moja tu. Waashi wa pale walikuwa wanachukizwa mno na ile methali ya mganga hajigangi, basi wakaweka desturi: mtu hapewi jengo la umma mpaka wazee wa kazi waingie nyumbani kwake mwenyewe, wagonge kuta zake, wazipime, na wazionje.

Ndiyo, wazionje. Chumvi ni adui wa ukuta, na mwashi wa zamani hahitaji mashine kuijua. Huchukua punje za mchanga, huziweka kwenye ulimi, huangalia juu kidogo, halafu husema "unafaa" au hutema. Fundi mwenyewe aliweza kuonja mchanga akakwambia umetoka mto gani na upande gani wa kona.

Mkuu wa wazee hao aliitwa Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha risasi wanayopimia wima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameegemea kitu. Hata msibani alisimama wima mpaka waliofiwa wakaona haya kuinama. Timazi alikuwa amepeleka salamu: wangekuja Ijumaa asubuhi.

Fundi alianza kumtafuta mwizi wa ukuta. Alishuku mchwa, akamwaga dawa. Akashuku panya, akatega mtego, na mtego ukamkamata yeye, kidole gumba cha mguu. Akashuku unyevu, akashuku chokaa ya dukani, akashuku hata wivu wa mafundi wenzake, ingawa hakuweza kueleza wivu unaingiaje chumbani mwa mama yake na kubomoa bila kuacha vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, naye Fundi alijikung'uta nguo zote na hakuona kitu.

Siku moja alirudi mapema kidogo akamkuta mkewe amesimama karibu na ukuta, ana vumbi jeupe juu ya mdomo, na ulimi unahangaika ndani ya shavu. Mtu mwingine angeuliza kulikoni. Fundi hakuuliza, kwa sababu katika ulimwengu wake mtu mwenye vumbi la ukuta mdomoni anafanya jambo moja tu: anapima chumvi.

"Unaionaje?" alimwuliza kwa sauti ya chini, kifundi.

Mkewe alishtuka. Akameza. Akafikiri. "Nzuri," alisema. "Ila ile ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri zaidi. Hii chokaa imezidi, inakausha koo."

Fundi nusura amkumbatie. Kesho yake kazini alijigamba mpaka wenzake wakaacha miiko yao ya kujengea. "Mke wangu anaonja lipu! Na ana ulimi, jamani! Kanikamata kwenye chokaa!" Wenzake walimwonea wivu. Mmoja alisema wa kwake hata ndoo hajui inashikwa upande gani.

Basi akapunguza chokaa. Akaenda kwenye kona ya mto akachimba udongo ule mwekundu unaonukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, akaziba mashimo yote, akapapasa, akafurahi. Ukuta ukaanza kupungua mara mbili ya mwanzo.

Akaenda kwa mama yake. "Mama, huo upande wako unauonaje?"

"Wa kwangu ni laini, mwanangu, Mungu akubariki," alisema mama bila kumtazama usoni. "Ila pale karibu na dirisha mchanga umekuwa mwingi. Unakwaruza meno."

Fundi alishukuru kwa kupewa familia yenye vipaji. Aliondoka akachekecha mchanga upya. Naam, wewe unayesoma umeshajua. Jirani angejua, mbuzi wa jirani angejua. Lakini mtu akiutazama ukuta sana, waliosimama mbele yake hawaoni.

Sasa tuingie mezani, maana nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa kula, na bila utaratibu huo ukuta ungekuwa mzima mpaka leo.

Mama yake Fundi alikuwa na imani moja kubwa: mwanamume anayebeba matofali lazima ale maini. Alimlisha maini tangu mtoto anaota meno. Mkewe alipoingia nyumbani hakutaka kuonekana mchoyo kwa mtoto wa watu, akaongeza mboga za majani zilizo kijani kibichi na bakuli la maharage. Vyote hivyo vilipangwa mbele ya Fundi. Wanawake wawili walibaki na wali mweupe na mchuzi usio na kitu ndani, wakashindana kukataa.

"Ongeza kidogo, Mama," mke angesema.

"Aa, mimi nimeshiba harufu tu. Kula wewe, bado kijana."

"Mimi nilionja jikoni, Mama. Tumbo limejaa hadi hapa."

Hakuna aliyekubali kushindwa. Mama aliona kwamba akila kipande atasemwa amekuja kumaliza chakula cha mwanawe. Mke aliona kwamba akila kipande atasemwa anamnyang'anya mume. Wote wawili walipenda maini kufa kupona, na wote wawili waliyatazama yakienda kinywani mwa Fundi. Kisha ililetwa chai, nyeusi, ya rangi nzito, kikombe juu ya kikombe, ya kudanganyia tumbo.

Na Fundi? Fundi alikuwa hawezi maini. Hakuyaweza tangu siku ya kwanza. Harufu yake ilimpanda puani, na ule ulaini wake ulimfanya ahisi anatafuna kitu kinachomwomba msamaha. Lakini mama alikuwa amejinyima ayapate, na mtu anayejinyima kwa ajili yako huwezi kumwambia mdomo wako haukitaki alichokupa. Basi alifumba macho, akatafuna polepole, akashusha kwa maji.

"Mwone anavyofumba macho," mama angemwambia mkwe wake. "Utamu huo!"

Na kwa sababu alifumba macho kwa utamu, kesho yake aliongezewa.

Wakati huohuo mkewe alikuwa anapotea kidogo kidogo. Zamani ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya nyumba. Alijua ufunguo uko wapi, nani kafiwa, nani kazaa, na Fundi aliahidi nini mwaka wa juzi. Sasa alitoka kwenda dukani akarudi mikono mitupu, akamuuliza mume kama amemwona njiani akielekea wapi. Alitia mwiko wa mwashi chunguni na ule wa kupikia akaufungia Fundi kwenye mfuko wa kazi. Kutoka jikoni hadi mlangoni alipumzika njiani. Ngozi ya viganja ilikuwa imepauka, na moyo ulikuwa ukimdunda kwa kukunja shuka tu.

Mama naye hakuwa nyuma. Alimwita Fundi kwa jina la kaka yake yeye mama, marehemu, akamdai mbuzi waliyemgombania utotoni. Fundi alipokana, akamwambia hata ulipokuwa hai ulikuwa mwongo.

Fundi aliona, lakini aliona kama mtu anayepita. "Jikazeni kidogo," aliwaambia. "Timazi anakuja Ijumaa. Tukishavuka Ijumaa mtapumzika." Na hilo ndilo ninalomlaumia mpaka kesho, ingawa nampenda.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini akarudi mchana na ndoo ya lipu mbichi, amalizie kazi kabla ya ugeni wa kesho. Alivua viatu mlangoni asichafue sakafu, ndiyo maana hakuna aliyemsikia. Alisukuma mlango wa chumba taratibu.

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, mikono miwili imeshika ukingo wa shimo kama mtu anayekula tikiti. Alikuwa anaguguna. Na kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika sauti nyingine ya kuguguna, ya meno machache zaidi lakini yenye bidii. Fundi alipigwa na butwaa, lipu mkononi. Kisha kipande cha mwisho cha katikati kikadondoka, na mwanga wa dirisha la mama ukapenya.

Wanawake wale walitazamana kupitia tundu, pua kwa pua, kila mmoja ana udongo mdomoni.

Mke ndiye aliyekumbuka adabu.

"Shikamoo, Mama," alisema, na mashavu yamejaa.

"Marahaba, mwanangu," alisema mama. Akameza. "Umeshindaje?"

"Salama, Mama. Sijui wewe."

"Mimi mzima. Nilikuwa... naangalia tu kama umekauka."

"Hata mimi."

Mke alitaka kuinuka kwa heshima, kwa kuwa si vizuri kuongea na mkwe ukiwa umepiga magoti ukutani. Aliinuka haraka mno. Kichwa kikamzunguka, macho yakageuka meupe, akauegemea ukuta. Ukuta ambao zamani ungebeba ng'ombe sasa haukuweza kubeba mwanamke aliyekonda. Ulishuka polepole, kwa unyenyekevu, ukabakiza kisiki tu, ukamwagikia kitanda cha mama aliyewahi kusogea kando, na mke akalala juu ya kifusi kama mtu aliyetandikiwa.

Ndoo ilimtoka Fundi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimwona mkewe: midomo ilivyopauka, shingo ilivyokuwa nyembamba, kucha zilivyobonyea katikati kama vijiko vidogo. Aliogopa. Aliogopa kweli, na zahanati ikamtoka akilini kabisa.

Aliwapakia wote wawili kwenye mkokoteni wa kubebea matofali. Mama alikataa kupanda, akasema yeye si mzigo, akatembea hatua chache, akapumua kama aliyepanda mlima, kisha akapanda na kuomba mfuko wa saruji aukalie.

Muuguzi wa zahanati ya zamani, ile ndogo iliyochoka, alikuwa mwanamke mpole asiyeshangaa jambo. Mke alikuwa amezinduka, aibu imemjaa. Muuguzi akawafunua kope za chini, akazitazama kucha, akawatoboa kidole kidogo na kupima damu.

"Mnakula nini nyumbani?" aliuliza.

"Tunakula vizuri," walisema pamoja.

"Na kisichokuwa chakula?"

Walitazama chini. Fundi akajibu kwa niaba yao, kwa kuwa alidhani ni swali la kifundi. "Matofali ya udongo, mchanga wa mto uliochekechwa, na chokaa kidogo. Haina chumvi, nimeionja mwenyewe."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Akawaeleza bila kuwacheka, na hilo watu wale hawakulisahau. Alisema damu ndiyo inayobeba hewa kuipeleka mwilini, na ndani ya damu kinachoishika hewa isidondoke ni madini ya chuma. Chuma kikipungua, mwili unaishi kwa hewa ya kukopa. Moyo unakwenda mbio kufidia. Ubongo, ambao haubebi hata tofali moja lakini unakula hewa kama mgeni wa harusi, ndio wa kwanza kulalamika: unasahau, unachoka, unazunguka. Na wengine waliopungukiwa hivyo hutamani mambo ya ajabu. Huyu barafu, yule chaki, mwingine udongo.

"Ulimi unajua umekosa kitu," alisema, "lakini unabisha hodi mlango usio wake. Ukutani hakuna msaada. Udongo ukijaa tumboni unazuia hata kile chuma kidogo mnachokula, na unaweza kuwaletea minyoo."

"Kwa hiyo chuma kinakaa wapi?" aliuliza mama.

"Maini. Nyama. Maharage, dengu, mboga za kijani, na mkikamulia limau ndiyo mwili unazipokea vizuri. Mboga hizo na maharage zina magnesiamu pia, ya misuli na mishipa ya fahamu. Nyama ina zinki, inayosaidia vidonda kupona na ulimi kujua ladha. Na chumvi nunueni ile yenye madini joto. Bila hayo shingo inavimba na akili ya mtoto inadumaa tumboni. Chai mnakunywa saa ngapi?"

"Papo hapo baada ya kula," alisema mke.

"Chai ya rangi inakifukuza chuma kabla hakijaketi. Isubiri. Mle, mpumzike saa moja au mbili, ndipo mnywe."

Mama alitikisa kichwa. "Kumbe mtu ni duka zima la vyuma."

Kisha Muuguzi akampima Fundi, kwa kuwa alikuwa amekaa tu. Akaangalia kipimo, akamwangalia Fundi, akaangalia tena. "Wewe," alisema, "ungeweza kugawia mtaa mzima damu. Nani anakula maini katika nyumba yenu?"

Fundi alisikia mashavu yake yakiwaka kwa ule wekundu wote aliokuwa nao. Walipewa vidonge vya chuma, wakaambiwa warudi kupimwa tena, na wakakatazwa kula ukuta.

Jioni hiyo Fundi angeweza kujenga. Matofali yalikuwepo, mikono ilikuwepo, na jua lilikuwa bado. Badala yake aliketi kando ya mkewe, akimpepea na kumnyweshea uji kijiko kwa kijiko, na kila alipokumbuka kwamba kesho ni Ijumaa alikoroga uji kwa nguvu zaidi.

Timazi alifika asubuhi na wazee wawili, wamevaa makoti. Walianza nje. Waligonga, wakapima, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakaingia sebuleni, wakagonga, wakaridhika. Wakafungua chumba.

Walikuta kitanda huku na kitanda kule, na katikati kisiki cha ukuta kimetambaa kutoka pembe hadi pembe kama ufizi wa mzee. Mama na mke walikuwa wamekaa kila mmoja kitandani kwake, wamejifunika khanga hadi kidevuni.

Aliinama, na wazee wenzake wakashtuka kumwona anainama. Alipapasa kisiki kwa kidole. "Hizi ni alama za meno," alisema.

Fundi alihisi maji yamemfika shingoni. Angeweza kusema panya, lakini Timazi aliyajua meno ya panya. Angeweza kusema kweli. Ingechukua pumzi moja tu, na kazi pengine ingepona, kwa kuwa ukuta ulikuwa mzuri, tatizo lilikuwa walaji. Aliwatazama. Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mkewe alikuwa akitazama miguu yake, na machozi yalikuwa yanajipanga. Akijibu kweli, kabla ya adhuhuri kila kijiwe cha waashi mjini kingecheka: mke wake na mama yake, walaji wa kuta. Wangetembeaje sokoni?

"Nimeula mimi," alisema Fundi.

Mzee mmoja alirudi nyuma hatua moja.

"Umeula wewe," alisema Timazi.

"Mimi. Nina tamaa nao. Siwezi kujizuia."

Timazi alivunja kipande cha kisiki, cha ukubwa wa kipande cha sabuni, akamkabidhi. "Kula tuone."

Mke aliinua kichwa. "Fundi," alisema, "usi..."

Lakini Fundi alikuwa ameshauma. Kuonja ni punje mbili tatu kwenye ncha ya ulimi. Kula ni jambo lingine. Udongo ulimjaa mdomoni, ukamnata kwenye ufizi, ukamkwaruza. Alifumba macho. Akatafuna polepole. Akameza, akauma tena, mpaka kipande kikaisha, kwa kuwa mtu aliyedai ana tamaa hawezi kuacha nusu.

Wazee walijitenga pembeni wakanong'ona. Mmoja alisikika akiuliza kama ni chumba hiki tu au huwa anaanza popote. Kisha Timazi akarudi, akasimama wima.

"Wewe ni fundi mzuri," alisema, na alisema kwa huzuni ya kweli. "Kuta zako nimezipenda. Lakini zahanati ile ina vyumba vingi, na wewe utakuwa ndani kutwa, peke yako, na njaa. Tutakabidhi msingi mtupu. Hatuwezi."

"Nimeelewa, mzee wangu."

"Pole sana. Jaribu ndizi."

Wakatoka. Fundi alisikia viatu vyao vikienda na kazi yake yote ya maisha, na hakuthubutu kugeuka kwa sababu alikuwa karibu kulia na kinywa chake hakikuwa na nafasi.

Nyuma yake mama alikuwa ameshuka kitandani. Alikuja mbele yake akamtazama usoni kwa karibu, kama anasoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. "Hiyo sura," alisema taratibu. "Hiyo sura ndiyo unayoifanya ukila maini."

Fundi alitikisa kichwa kukataa, akakohoa vumbi.

"Mwanangu. Hupendi maini?"

Angeweza kudanganya tena. Siku hiyo ulimi wake ulikuwa umezoea. Lakini alikuwa amechoka. "Siyawezi, Mama," alisema. "Sijawahi kuyaweza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Maneno yale yalimkata mama maini kuliko habari yoyote ya ukuta. Aliketi juu ya kisiki. Alikasirika, na akalia, na akakasirika kwamba analia. "Miaka yote hiyo! Nayapika, nayanusa, nakutazama unafumba macho, nasema moyoni heri yeye anafaidi! Unajua nilikuwa nikilamba chungu mkishatoka? Mtu mzima mimi, nalamba chungu!"

"Kumbe ni wewe, Mama," alisema mkewe. "Mimi nilikuwa nakuja nyuma yako kukilamba. Nikawa najiuliza chungu hiki mbona kinajiosha."

Walitazamana wote watatu. Mama ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chembamba cha aibu, kisha mke akashika mbavu, akapungukiwa pumzi, akaambiwa akae chini asizimie tena. Fundi alicheka akiwa analia. Alikuwa amepoteza zahanati, na uchungu wake ulikuwa palepale. Hakujidanganya kwamba umeondoka. Lakini hakutamani kuyarudisha maneno yake.

Mchana maini yaliwekwa kati ya wanawake wawili, pamoja na mboga na limau. Walikula bila kusemeshana, bila kukaribishana, kama watu waliotoka safari. Birika la chai liliwekwa mbali dirishani, na mama alilitupia jicho kila baada ya tonge. Fundi alikaa mbele ya sahani yake tupu, hajui afanye nini na mikono yake.

"Na wewe?" mama alimwuliza. "Unapenda nini?"

Fundi alifungua mdomo ajibu, akakuta hakuna jibu. Alitafuta. Aliweza kutambua mchanga wa kila mto uliokuwa karibu, lakini chakula kilikuwa kitu cha kushukuru na kumeza, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Sijui, Mama," alisema.

"Mtu mzima na ndevu, hujui?"

"Sijui kweli."

Mkewe aliinuka, safari hii polepole, akiushika ukuta mwingine. Alirudi na vijisahani: maharage, kiazi kilichochemshwa, yai, samaki mdogo aliyekaushwa mzima na mifupa yake, kipande cha boga. Akavipanga mbele yake. Yeye na mama wakasogeza viti, wakainama, wakamkodolea macho kama wazee wa kazi waliokuja kukagua.

Fundi alichukua boga akatia mdomoni. Alitafuna. Alihisi macho yake yanataka kujifumba kwa mazoea, akayafumbua kwa nguvu.

"Hili," alisema, akalitoa na kulirudisha sahanini, "silitaki."

Mama yake akapiga makofi.